Sura ya Saba: Nguruwe Wakinyamaza

Mtu aliyelelewa penye moto wa jioni anajua kwamba hadithi haianzi mpaka iombe idhini. Msimulizi husema "Paukwa", naye asiposikia "Pakawa" kutoka vinywani mwa watu walio tayari, hungoja, kwa kuwa hadithi isiyopokewa ni sawa na mgeni anayepiga hodi penye nyumba isiyo na watu. Filamu haikujaliwa wasaa huo wa kungoja. Mtazamaji ameketi kimya, taa zimezimwa, na picha za mwanzo, katika muda wa dakika mbili au tatu, hazina budi kupiga hodi, kujitambulisha na kuingia ndani, yote kwa mara moja. Katika filamu za kutisha kazi hiyo huwa nzito maradufu, maana mgeni anayebisha ni hofu yenyewe, ambayo hakuna mwenye nyumba anayeikaribisha kwa hiari, ingawa aghalabu watu huacha mlango wazi kiasi cha jicho ili waione ilivyo.

Nia yangu katika sura hii ni kupima ufunguzi mmoja wa namna hiyo, uliotengenezwa na wanafunzi wanne wa Nachingwea, wasichana wawili na wavulana wawili, kwa simu moja ya mkononi, stendi moja ya miguu mitatu na kinasa sauti cha kuazima. Sikuuchagua kwa ukubwa wake, kwani hakuna ukumbi uliouonyesha wala gazeti lililouandika. Nimeuchagua kwa sababu ulitengenezwa mara mbili, mara ya kwanza ukashindwa, mara ya pili ukafaulu kwa sehemu kubwa; na baina ya kushindwa na kufaulu huko kuna elimu ambayo mpenzi wa sanaa hii hawezi kuipata kwa kutazama kazi zilizokamilika peke yake, maana kazi iliyokamilika huficha mishono yake.

Insafu yataka kwanza niwaweke vijana hawa katika ukoo wao. Wako wanaodhani kwamba filamu ni jambo la miji mikubwa, ilhali kusini ya Tanzania ina fungu lake katika historia hiyo. Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alitazamwa na watu kwenye turubai kabla hawajamsikiliza jukwaani, kwa kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika filamu za Kiswahili za zama za ukoloni, mojawapo ikiwa ni Muhogo Mchungu. Na katika filamu za kutisha hasa, Mussa Banzi, alipotoa Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa karne hii, alithibitisha kwamba watazamaji wa Tanzania walikuwa na kiu ya kuona majini na mizimu ya kwao, katika vyumba na vichaka wanavyovijua, wakisema lugha ambayo wao wenyewe huota kwayo.

Mahali penyewe napo si maskini wa mambo yanayoweza kumsimamisha mtu nywele. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo, zilizoteuliwa na Serikali ya Uingereza kwa Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947. Miti iling'olewa kwa mitambo, reli ikajengwa kutoka bandari ya Mtwara, na mwaka 1951 mpango wote ukaachwa baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 36, hata reli ile nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO, chini ya Samora Machel, walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo hapo, wakajiandaa kwa vita vya kuikomboa Msumbiji, na si wote waliovuka Ruvuma walioivuka tena. Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea kabla haijawa wilaya, ni nchi ya korosho na ufuta, na ya mashamba yanayopakana na pori. Mtu atafutaye kivuli cha jambo lililokufa bila kuzikwa, au nyayo za watu waliokwenda wasirudi, hana haja ya kuazima hofu ya ng'ambo.

Wanafunzi wangu walikuwa wameazima. Ufunguzi wao wa kwanza, wa dakika tano na sekunde kumi, ulipigwa katika nyumba ya ghorofa ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kulala ndani yake. Muziki ulinguruma tangu sekunde ya kwanza. Msichana aliyevaa gauni jeupe alishuka ngazi polepole, mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake, damu ikatiririka ukutani, na mwisho kabisa akatokea ajuza mwenye macho mekundu, akatabasamu, na jina la filamu likaandikwa juu ya uso wake. Tulipomaliza kuutazama niliwauliza swali moja tu: ni nani kati yenu aliyewahi kuogopa ngazi? Walitazamana, wasiseme neno.

Ile damu waliitengeneza kwa juisi ya choya, nami niliwasifu kwa ubunifu, lakini choya mbele ya kamera hupitisha mwanga kama kioo chekundu, haigandi wala haiwi nzito, na jicho la mtazamaji huikana mara moja. Alfred Hitchcock, katika filamu yake Psycho ya mwaka 1960, alitumia sharubati ya chokoleti mahali pa damu, ikafaa sana, kwa sababu filamu ile ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe na chokoleti ilikuwa na uzito na giza vilivyotakikana. Hila yoyote hufaa pale ambapo mwenye kuitumia analijua jicho la kamera yake. Asipolijua, afadhali asioneshe damu kabisa.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa yule ajuza, na hapa nasema kwa uzito wote nilio nao. Katika nchi yetu wamekufa wanawake wazee wasio na hatia, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu na majirani wakayasoma kama ushahidi wa uchawi. Kumbe macho ya mwanamke aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, katika jiko lisilo na dirisha, huwa mekundu kwa moshi. Kijana anayeweka uso wa namna hiyo mwanzoni mwa filamu ili watu washtuke, hata kama moyo wake ni safi, anaongeza ukuni katika moto uliokwisha kuunguza watu. Sanaa ya kutisha ni amana. Anayeomba ruhusa ya kuingiza hofu katika nyumba ya mwenziwe ana wajibu wa kujua hofu hiyo, mgeni wake akishatoka, itabaki imemwelekea nani.

Niliwashauri wauache mswada wao, waende wakaulize watu wanaogopa nini. Mmoja wa wasichana alikuwa na bibi yake katika kijiji kimoja cha Ruangwa, mkulima wa mahindi na ufuta, aliyelinda mashamba tangu utotoni mwake. Basi tukaenda sote, tukamkuta uani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni kitako."

Tulikaa. Baada ya habari za nyumbani na za shule, mjukuu wake akamwuliza kama usiku, akiwa dunguni peke yake, huwaogopa nguruwe mwitu. Bibi alicheka kidogo, asiache kupukuchua.

"Nguruwe nawaogopea nini? Nawapigia debe wanakimbia, nikinyamaza wanarudi. Nikiwasikia wanatafuna najua usiku ni salama, kinachopotea ni mahindi tu. Wakinyamaza wote kwa pamoja, hapo ndipo nanyanyuka nikaketi."

"Kwa nini, bibi?"

"Kwa sababu wamemsikia ambaye mimi sijamsikia."

Niliwaona vijana wote wanne wameacha kuandika. Filamu yao ilikuwa imezaliwa palepale, juu ya ungo wa mahindi, na kila mmoja wao alilijua hilo bila kuambiwa.

Maneno ya bibi yule yana ushahidi wa elimu nyuma yake. Mwaka 2005 Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota, pamoja na Dennis Ikanda na wenzao wengine, walitangaza katika jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamewaua Watanzania wasiopungua 563 na kuwajeruhi 308, na kwamba mikoa ya kusini, Lindi na Mtwara, ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Sababu waliyoieleza ni mnyororo ambao mkulima yeyote wa huko angeweza kuwachorea mchangani: nguruwe hufuata mahindi yanayokomaa, mkulima hulala shambani kuwafukuza nguruwe, na simba, ambaye wanyama wake wa kawaida wamepungua, huwafuata nguruwe akamkuta mkulima. Miaka 6 baadaye baadhi ya watafiti haohao walionesha jambo jingine la ajabu, kwamba watu huliwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, kwenye saa za mwanzo za usiku. Kwani usiku wa kumi na nne mwezi huchomoza jua linapotua, lakini kuanzia hapo huchelewa kila siku, na baina ya kutua kwa jua na kuchomoza kwa mwezi hubaki giza, ilhali watu bado wako nje na simba ana njaa ya zile siku za mwanga zilizomnyima mawindo. Hofu ya giza, kwa hiyo, ni urithi wenye hesabu yake, na kalenda yake iko mbinguni.

Ufunguzi wa pili ulitengenezwa kwa hesabu hiyo. Una dakika mbili na sekunde arobaini, na picha 9 tu. Kwanza tunaona dungu juu ya shamba la mahindi, anga likiwa na wekundu wa mwisho upande wa magharibi. Juu yake wameketi ndugu wawili, kijana wa miaka kama kumi na saba na dada yake mdogo, wakigawana muhogo wa kuchoma. Kijana anachagua kipande kikubwa, anakitazama, kisha anampa mdogo wake. Chini, mahali tusipopaona, nguruwe wanatafuna. Kijana anachukua debe na tochi, anashuka. Tunalisikia debe mara tatu, likienda mbali kidogo kila mara, na tunaona mwanga wa tochi ukipenya baina ya mabua. Nguruwe wanarudia kutafuna. Kisha wananyamaza. Kwa muda wa sekunde kumi kamera haiondoki kwenye uso wa msichana, ambaye mkono wake umebaki na muhogo nusu ya njia kwenda kinywani. Picha ya mwisho ni ya shamba kutoka juu ya dungu: tochi inaendelea kuwaka, lakini iko chini, imelala, haitikisiki. Msichana anaita, "Kaka?" mara moja tu, na jina la filamu linatokea.

Hakuna damu, hakuna uso wa kutisha, hakuna hata unyoya wa mnyama. Wajuzi wa kazi hii watakumbuka kwamba Steven Spielberg, alipotengeneza Jaws iliyotoka mwaka 1975, alikuwa na papa wa mitambo aliyeharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, na kwamba katika ufunguzi wa filamu ile papa haonekani kabisa, bali tunamwona tu msichana akivutwa huku na huku juu ya maji usiku. Kabla yake, mwaka 1942, Jacques Tourneur katika Cat People alimtembeza mwanamke usiku penye barabara tupu, tukasikia nyayo, na pale tulipotazamia mnyama kuruka, likaingia basi kwa mlio wa breki unaofanana na mngurumo. Mabwana hao wote wawili walibanwa, mmoja na mitambo, mwingine na ufukara wa bajeti, na dhiki hiyo ikawaelekeza penye siri ya kale ya masimulizi, kwamba kitu cha ghaibu humkamilikia kila msikilizaji kwa sura ya hofu yake mwenyewe. Wanafunzi wa Nachingwea, ambao dhiki ni jirani yao wa kila siku, waliifikia siri hiyohiyo kwa njia ya bibi.

Ugumu ulikuwa katika kuitekeleza. Simu ya mkononi gizani haioni. Badala ya usiku huonesha chenga. Kwa hiyo walipiga picha zote katika utusitusi, ule muda wa takriban dakika ishirini baada ya jua kutua ambao katika nchi zetu hupita kama mtu mwenye haraka, wakaupunguza mwanga kwa mkono ndani ya simu mpaka shamba likawa jeusi na anga likabaki buluu nzito. Muda huo hautoshi kwa zaidi ya picha mbili au tatu kwa siku, wakahitaji jioni nne, na kila jioni watu wazima wawili waliketi kando ya shamba na moto, kwa sababu mahali penye hadithi ya kweli hapachezewi.

Sauti iliwasumbua zaidi, na hapa ndipo nilipowastahi. Nguruwe mwitu hawakai mbele ya kinasa sauti, basi wakaenda kwa mfugaji mmoja, wakawatupia nguruwe wake magunzi yenye punje, na msichana mmoja akalala kifudifudi kando ya kihori, kinasa sauti kikiwa kimefungwa kitambaa cha kanga kuzuia upepo, akakaa hivyo karibu saa nzima. Walipoihariri mara ya kwanza, penye ule ukimya walikata sauti yote, ikawa kama simu imeharibika. Watazamaji wawili waliojaribiwa waliuliza kama chaji imekwisha. Ni msichana yuleyule aliyegundua dawa yake. Alirudisha mlio wa nyenje, hafifu, chini kabisa, akauacha uendelee nguruwe wanapokoma. Hapo ukimya ukasikika. Ukimya unahitaji kitu kinachobaki ili tujue ni kitu gani kimeondoka, na fundi anayelijua hilo akiwa na umri wa miaka kumi na sita ameshika ufunguo ambao wengine huutafuta maisha yao yote.

Kasoro hazikukosekana. Katika picha ya pili msichana mdogo analitazama jicho la kamera kwa nukta moja, na nukta hiyo yatosha kutukumbusha kwamba kuna watu wengine shambani. Kwa kuwa walifanya kazi jioni nne mbalimbali, wekundu wa anga katika picha ya nne ni mwingi kuliko ule wa picha ya kwanza, yaani jua linarudi nyuma. Walipaswa kupanga picha zao kwa kufuata saa ya jioni na si kwa kufuata mtiririko wa hadithi. Muziki wa sekunde tano unaosindikiza jina la filamu uliokotwa kutoka kazi ya mtu mwingine bila idhini, nami niliwaambia wazi kwamba hiyo ni mali ya mwenyewe, na fauka ya hayo hauhitajiki. Pigo moja la debe, kutoka mbali, lingetosha. Jina lenyewe hudumu sekunde mbili, na mzee asomaye polepole halimalizi.

Hata hivyo, nikizipima kazi hizo mbili kwa mizani moja, tofauti yao kuu naiona ndani ya lugha yetu wenyewe, ambayo hutofautisha kwa silabi moja mambo yaliyo mbali kama mashariki na magharibi. Ufunguzi wa kwanza ulitufundisha kumwogopa mtu. Wa pili unatufundisha kumwogopea mtu. Kumwogopa ajuza hakuhitaji kumjua, na ndiyo maana ni rahisi na ndiyo maana ni hatari. Lakini kumwogopea kijana aliyeshuka na debe hakuwezekani mpaka kwanza tumpende, na wanafunzi walitupa sababu ya kumpenda kwa kipande kimoja cha muhogo. Hofu ya namna hiyo ni tawi la huruma. Mtu huondoka nayo akiwa na shauku ya kumrudisha mwenziwe nyumbani salama, na jamii inayofundishwa hofu hiyo haitafuti kikongwe wa kumpiga mawe.

Walipomaliza kuurekebisha, tuliurudisha Ruangwa. Ulikuwa usiku usio na mwezi, umeme umekatika, na kompyuta ndogo iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, majirani wakakaa mkekani na watoto wakasimama nyuma. Nguruwe walipoanza kutafuna, wanaume wawili walitikisa vichwa kwa kukiri. Nguruwe waliponyamaza, mazungumzo yote yalikoma, na nilisikia nyenje za uani zikichanganyika na nyenje za filamu hata nisiweze kuzitenga. Tochi ikalala chini. Msichana akaita. Jina likatokea, kisha giza.

Hakuna aliyepiga kelele. Bibi alikuwa bado ameikabili kompyuta.

"Yule kijana aliyeshuka na debe," akasema, "amerudi?"

"Bado, bibi," mjukuu wake akamjibu. "Hatujafika huko. Huu ni mwanzo tu."

Bibi alijifunga vizuri kanga yake.

"Basi wahini," akasema. "Yule mdogo yuko peke yake."